Kigae Kilichobaki Kwenye Kinu

Asubuhi ile upepo wa Thy, wilaya ya pwani ya kaskazini, ulikuwa umelala, jambo la nadra, na Solvej aliupokea utulivu huo kama jibu la sala. Tangu alipofumbua macho alikuwa ameomba mambo mawili: upepo usiuvuruge moto, na kinywa cha binti yake kifunguke. La kwanza alikuwa ameshapewa. Vyungu vya watoto vilikuwa ndani ya shimo nyuma ya ghala, vimefunikwa kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi ulipanda wima kama uzi uliovutwa kutoka juu. Lilibaki la pili, na hilo lingejulikana mkaguzi wa halmashauri akishafika.

Ragna, binti yake mkubwa, alikuwa na miaka kumi. Hakufukuzwa shule, wala hakuwa mtundu. Alinyamaza tu. Alianza kwa kumnyamazia mwalimu, kisha watoto wenzake, mwisho ikawa kila asubuhi anatapika langoni kabla hajaingia. Nyumbani aliongea kama ndege wa alfajiri. Akiona uso mgeni, kinywa kinajifunga. Solvej na mumewe Thorkild walipiga magoti, wakaomba, wakaamua kumfundisha nyumbani. Sheria inaruhusu, ilimradi halmashauri itume mtu wa kuhakikisha kwamba mtoto anafundishwa kweli.

Mtu huyo alikuwa Verner, mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Majira ya kuchipua alikuja, akaketi na Ragna sebuleni asubuhi nzima, akimwuliza hili na lile, naye Ragna akatazama soksi zake. Verner hakuwa mtu mbaya. Wakati wa kuaga alimwambia Solvej mlangoni, "Mama, siwezi kuandika kwamba mtoto anajua, kama sijamsikia. Nitarudi mara moja tu. Nikirudi tukakuta ni yale yale, vuli itamkuta darasani."

Kwa hiyo leo hakutakuwa na sebule. Solvej alikuwa amegundua jambo moja kuhusu mtoto wake, na alilishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani: mikono ya Ragna ikishughulika, ulimi nao hufunguka. Ukimsomea habari za watu wa kale kitabuni, husikiliza kimya. Lakini mpe mabua ya mpupu, ule mmea unaowasha, asokote nyuzi kama walivyosokota wao, mpe mfupa auchonge sindano, mpe fito na udongo amjengee sungura wa mdogo wake nyumba ya zama za chuma, hapo atakueleza watu hao walikula nini, walizikwaje, na kwa nini mlango ulielekea kusini. Safari hii Verner angepelekwa kwenye moto.

Akiwaza hayo, Solvej aliingia ghalani kusafisha meza ya kazi. Kulikuwa na mabaki ya udongo, bakuli la maji, na kile kinu cha mawe ambamo watoto walikuwa wamesaga vigae vya paa la zamani. Hilo alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe: udongo mtupu hupasuka motoni, hivyo wafinyanzi wa kale waliuchanganya na mawe yaliyosagwa, na wengine walisaga vyungu vilivyovunjika wakavitia ndani ya vyungu vipya. "Chochote kilichokwisha kupita motoni kinafaa," aliwaambia, na akajisifu moyoni kwa somo zuri.

Akainamisha kinu ili amwage unga mwekundu. Ndani ya unga kulikuwa na kitu cheusi.

Alikitoa, akakipangusa kwa kidole gumba. Kilikuwa kigae kinene cha chungu, ukubwa wa kiganja cha mtoto, upande mmoja kimesuguliwa mpaka kikang'aa. Pembezoni pake palikuwa na safu ya alama ndogo zilizopinda, kama miezi michanga iliyopangwa mstari. Alama za kucha. Mtu alikuwa ameubonyeza udongo kwa ukucha wake, tena na tena, ukiwa bado mbichi.

Hakuna mtu aliyezaliwa Thy asiyejua kitu hicho ni nini. Mashamba ya huko yamejaa vilima vya makaburi ya kale. Trekta huvizunguka, mkulima huacha nyasi zake, na mtoto, kabla hajafundishwa kufunga kamba za viatu, hufundishwa kwamba kilima hakitiwi jembe. Ukiokota kitu cha kale, unakipeleka makumbusho. Ndivyo sheria isemavyo, na kabla ya sheria ndivyo wazee walivyosema.

"Ragna!" aliita. "Njoo hapa upesi!"

Ragna akaja mbio, masizi usoni, koleo la moto mkononi. Nyuma yake akaja Tilde, mdogo wake wa miaka sita, akimburuta sungura.

"Hiki umekitoa wapi?"

Uso wa Ragna ukachanua. "Umekiona! Nilitaka nikuonyeshe mwishoni. Kwenye kilima cha kale shambani kwa babu, mama. Mbweha amechimba shimo ubavuni, ametupa udongo nje, na hivi vilikuwa juu ya udongo."

"Hivi? Vilikuwa vingapi?"

"Viwili."

"Kingine kiko wapi?"

Ragna akaelekeza koleo kule kwenye moshi. "Nimekisaga. Kimo kwenye chungu changu kikubwa. Si ulisema walisaga vya zamani?"

Solvej akajishika kwenye ukingo wa meza. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamezunguka yakarudi kama mbwa aliyeokota mzoga. Alimwona moyoni Verner akiandika: katika nyumba hii, watoto wanasagishwa vitu vya kale viwe unga. Ni mkaguzi gani angeandika baada ya hapo kwamba mtoto abaki kwa mama yake?

"Mama, umekasirika?"

"Hapana. Sikiliza." Akapiga goti mbele ya mtoto. "Ulikosea, lakini kosa ni langu, tutalizungumza baadaye. Leo, mbele ya yule mzee, habari ya kigae hiki usiitaje. Wala kilima, wala mbweha. Akikuuliza mliweka nini kwenye udongo, sema vigae vya paa."

"Lakini si vya paa tu."

"Ni vya paa pia. Sema hivyo tu. Umenielewa?"

Ragna akautazama uso wa mama yake kwa muda. Alikuwa mtoto asiyejua kusema nusu. Kwake jambo lilisemwa lote au halikusemwa kabisa. Akatikisa kichwa kukubali. Nje, magurudumu yakasagika kwenye kokoto za uani.

Solvej akakitumbukiza kigae kwenye mfuko wa aproni.

*

Verner alikuja amevaa mabuti ya mpira, na Solvej akaona hiyo ni dalili njema. Gudrun, mama yake Thorkild, ambaye chumba chake kilitazama uani, alikuwa ameshatoka na birika la kahawa na keki yake ya nazi, kwa sababu hata kama dunia inaungua, mgeni hatasimama Thy bila kahawa. Thorkild mwenyewe alikuwa baharini kwenye mitambo ya upepo, na mkewe alimkosa asubuhi hiyo kama mtu anavyoukosa ukuta wa kuegemea.

"Umerudi, Verner," Gudrun alisema. "Safari ile ulikunywa vikombe vitatu ukatuandikia vibaya. Leo nitakupimia."

"Niliandika nilichosikia, Bibi Gudrun."

"Ndiyo maana karatasi ilikuwa nyeupe!"

Verner akacheka kidogo. Solvej hakucheka. Kigae kilikuwa kizito mfukoni kuliko uzito wake; kila alipopiga hatua kilimgonga pajani. Alijaribu kusali kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sala haikuja. Ilikuwa kama kumgongea mlango mtu anayekutazama kutoka dirishani.

Walizunguka ghala. Ragna alikuwa amesimama kando ya shimo na koleo lake. Alimwona Verner, na mabega yake yakapanda mpaka masikioni.

Verner hakumsalimia kwa maswali. Alivuta kigogo akaketi, akaweka kikombe kwenye gogo jingine karibu na keki, akautazama moto. Muda ukapita. Tilde akamweka sungura mapajani pa mgeni bila kuomba ruhusa.

"Anaitwa Mfalme," Tilde alisema. "Anaishi kwenye nyumba ya zama za chuma, lakini anaila. Ameshakula ukuta."

"Pole zake," alisema Verner. "Na huko ndani kuna nini?"

"Vyungu! Changu ni kile chenye masikio. Ragna, mwambie!"

Gogo moja likaporomoka ndani ya shimo, na samadi ikafunguka upande mmoja. Ulimi wa moto ukachomoza. Ragna akasogea haraka, akashika bamba la samadi kwa koleo, akaziba.

"Mbona umeziba?" Verner aliuliza, bila kumtazama, kana kwamba anauuliza moto.

Solvej akashika pumzi.

"Hewa," Ragna alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, imekwaruza, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Gudrun akasimamisha kisu katikati ya keki.

"Hewa ikiingia upande mmoja," Ragna akaendelea, akihangaika na koleo, "upande huo unapata joto upesi, ule mwingine unabaki. Basi kinapasuka. Lazima kipate joto pole pole. Jana usiku tuliviweka karibu na jiko vikauke. Wa kale hawakuwa na jiko kama letu, walivianika kwenye dari, juu ya moshi wa nyumba. Waliishi na ng'ombe humo humo. Ng'ombe walilala upande wa mashariki."

"Kwa nini mashariki?"

"Kwa sababu upepo unatoka magharibi! Ungependa kunusa ng'ombe usiku kucha?"

Gudrun akapasua kicheko, akajifunika mdomo kwa aproni. Verner naye mabega yakamtikisika. Ragna akainua macho, akashangaa kwamba watu wamecheka na yeye hajafa, kisha akaendelea. Aliongea habari za samadi, jinsi walivyoikusanya malishoni na kuianika. Alieleza kwa nini chungu cha kupikia huwa na tako la mviringo. Alichora chini kwa fimbo nyumba ndefu yenye nguzo. Verner alitoa kalamu, akawa anaandika, na Solvej akahisi machozi yakimjia. Amefunguka, Bwana. Amefunguka. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso, vidole vyake vikakuta kigae.

Ndipo shimo likalia. Pah! Mlio mkavu, kama tawi linalovunjwa gotini. Majivu yakaruka.

"Changu!" Tilde akalia. "Hicho ni changu! Ragna, kimekufa?"

"Pengine ni sikio tu," alisema Ragna.

"Sikio lipi?"

"Nitajuaje, Tilde? Tukifukua tutaona."

Tilde akamkumbatia sungura kwa nguvu. "Mbona chako hakipasuki? Kila siku changu!"

"Swali zuri," alisema Verner. Akamgeukia Ragna, safari hii akimtazama, kwa upole. "Mbona kile chake kimepasuka na chako bado? Uliweka nini kwenye udongo wako?"

Ragna akafungua mdomo.

Akamtazama mama yake.

Solvej alijua mtazamo ule. Hakuwa mtoto mwenye hofu ya mgeni; alikuwa mtoto aliyewekewa jiwe mlangoni na anauliza kama ataruhusiwa kupita. Solvej akatikisa kichwa kumkataza, kidogo sana, mtikiso ambao mtu mwingine asingeuona.

Ragna akafunga mdomo. Akatazama chini. Koleo likateremka mpaka likagusa majivu.

"Ragna?" Verner alisema. "Mliweka mchanga? Au mawe?"

Kimya.

"Mwambie vigae vya paa," Solvej alisema, na sauti yake ikatoka juu mno. "Si tulisaga vigae vya paa, mwanangu? Mweleze mzee."

Ragna hakusema. Mabega yalikuwa yamepanda tena masikioni. Alikuwa anatazama vidole vya mabuti yake, vile vile alivyotazama soksi majira ya kuchipua, na moto ukazomea peke yake ndani ya shimo.

Verner alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja. Alikunywa kahawa yote iliyobaki, akampapasa sungura, akauliza jambo jingine kuhusu nyuzi za mpupu, akauliza kuhusu ng'ombe. Hakuna. Mwishowe alifunga kalamu yake, na ule mlio wa kibonyezo cha kalamu Solvej aliusikia kuliko alivyosikia chungu kikipasuka.

"Alianza vizuri," Verner alisema kwa sauti ya chini, akiinuka. "Sijui nini kimetokea. Lakini, mama, darasani kuna watu waliosomea watoto wa namna hii. Pengine nyumbani kuna kitu kinachomfunga, ambacho wewe hukioni kwa sababu u karibu mno."

Maneno hayo yakamchoma Solvej kwa sababu yalikuwa kweli, tena kweli kuliko alivyojua mwenyewe aliyeyasema. Alikuwa ameomba asubuhi nzima kinywa kifunguliwe. Kikafunguliwa. Na mkono uliokifunga tena haukuwa wa shule, wala wa halmashauri. Ulikuwa huu huu uliofumbata kigae ndani ya aproni.

Njia mbili zilikuwa mbele yake, na zote ziliishia langoni mwa shule. Akinyamaza, mtoto anakwenda. Akisema, mtoto anakwenda vilevile, na pengine juu yake waje watu wa makumbusho na polisi. Lakini katika njia moja Ragna angekwenda akiwa amefundishwa na mama yake kwamba kweli ni kitu cha kumezwa.

Bwana, nisaidie, alisema moyoni, na safari hii hakuhisi dirisha. Akatoa mkono mfukoni.

"Verner, keti tafadhali. Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

Akakiweka kigae juu ya gogo, kati ya keki na kikombe, upande wenye alama ukiwa juu. Gudrun akasema, "Yesu wangu," taratibu, akakaa.

Verner alikitazama bila kukigusa. Uso wake ulibadilika. Upole ukatoka, akabaki mwalimu mkuu. "Hiki kimetoka kilimani."

"Ndiyo. Nilikikuta leo asubuhi ndani ya kinu. Nikamwambia asikitaje kwako." Akamgeukia binti yake. "Ragna, nilikosea kukuambia hivyo. Lile neno nalifuta. Sema yote, au usiseme, kama wewe utakavyo. Mimi sitakukataza tena."

Moto ulizomea. Ragna alilitazama gogo, akamtazama mama yake, akakitazama kigae tena. Kisha akaliweka koleo chini, akafanya jambo ambalo Solvej hakulitegemea: akakichukua kigae, akaenda kusimama mbele ya mgeni kabisa, magoti kwa magoti.

"Sikuchimba," alisema.

"Nani alichimba?"

"Mbweha."

"Mkamate mbweha basi!" Gudrun alisema, lakini hakuna aliyecheka, naye akajutia mzaha wake.

"Vilikuwa viwili," Ragna akasema. "Hiki, na kingine chenye alama hizi hizi. Kile nilikisaga. Kimo humo motoni."

Verner akavuta pumzi ndefu. "Ragna, unajua kwamba kitu cha namna hii hakisagwi?"

"Najua havichimbwi. Na najua vya makumbusho havisagwi. Lakini hiki hakikuwa makumbusho. Kilikuwa kwenye uchafu wa mbweha." Akaanza kuongea kwa haraka, kana kwamba mlango ungefungwa tena. "Tazama hapa. Hizi ni kucha. Mimi nilijaribu zangu zote. Kidole gumba hakiingii, hiki hakiingii, ila hiki kidogo. Hiki kinaingia sawa sawa. Jaribu wewe."

Verner akaunyoosha mkono wake mkubwa, akausogeza ukucha, akaurudisha. "Hauingii."

"Wa mama nao hauwezi kuingia. Tilde ni mdogo mno. Ni wangu tu. Kwa hiyo aliyekifinyanga alikuwa mtoto, au mama yake alimpa mtoto afanye mapambo. Na walipomzika mtu wao pale, waliweka na chungu chake. Halafu mbweha akakitupa nje. Nikaona mwenye kucha hizi yuko peke yake kwenye matope. Nikafikiri nikimtia kwenye chungu changu atakuwa na pa kukaa. Si ndivyo walivyofanya? Walikitia cha zamani ndani ya kipya."

"Walifanya," alisema Verner. "Kwa vyungu vyao wenyewe."

Solvej alitaka kumkimbilia, akajizuia. Alimwona mtoto akiligeuza neno lile, akilipima upande huu na upande ule kama alivyopima udongo.

"Kwa vyao wenyewe," Ragna akarudia. "Na kile hakikuwa changu."

"Hakikuwa chako."

"Sasa alama za kile haziwezi kurudi." Midomo ikamtetemeka, lakini aliendelea. "Kulikuwa na moja ambayo iliteleza. Kwenye kile nilichosaga. Ukucha uliteleza, ukatoka mstari mrefu. Nilicheka nilipouona. Sasa hakuna mtu mwingine atakayeuona."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye masizi, uso ukawa mweusi wote. Hakuna aliyemwambia asilie.

Verner akafungua tena kalamu yake. "Huo mstari," alisema, "unaweza kuuchora?"

"Naweza."

Akampa kalamu yake na karatasi, ile ile ya ukaguzi. Ragna akapiga magoti kwenye majani, akaweka karatasi juu ya gogo, akachora, akieleza anavyochora: hapa palivunjika hivi, hapa palikuwa na safu, hapa ukucha uliteleza. Verner aliuliza, naye akajibu. Aliuliza shimo la mbweha liko upande gani wa kilima, naye akajibu. Akauliza kama kulikuwa na vitu vingine vimebaki pale, naye akasema ndiyo, vipande vidogo na mkaa, na kwamba hakuvigusa kwa sababu havikuwa na mapambo.

"Uvivu wakati mwingine ni neema," Gudrun alinong'ona.

Kisha Verner akaenda kando na kupiga simu makumbusho. Solvej alisimama na mikono yake mitupu. Alisikia maneno "mtoto" na "ubavu wa kaskazini" na "hapana, hawakuchimba." Aliporudi uso wake ulikuwa bado mgumu.

"Watakuja kesho. Mtu asikaribie kilima mpaka hapo. Watakasirika, na wana haki."

"Wana haki," alisema Solvej. "Na wewe? Utaandika nini?"

"Yote. Kwamba mtoto amesaga kitu chenye umri wa miaka elfu mbili kwa sababu mama yake alimfundisha nusu ya somo. Ulimfundisha jinsi walivyofanya. Hukumfundisha kilicho chake na kisicho chake. Hilo nitaliandika, na vuli nitakuja kuona kama limefundishwa."

"Vuli utakuja hapa?"

"Nitakuja wapi tena? Nilisema siwezi kuandika ambacho sijakisikia. Leo nimesikia, mpaka masikio yanauma." Akachukua kipande cha keki ambacho Gudrun hakuwa amemkatia. "Kuhusu ule mfuko wa aproni sitaandika. Hilo umalizane na unayemwomba."

"Nimeshaanza," alisema Solvej.

*

Alasiri shimo lilipopoa kiasi, Verner alikuwa bado hajaondoka. Alisema anangoja ajue sikio lipi. Ragna alifukua majivu kwa fimbo, polepole, na chungu cha Tilde kikatoka kwanza: masikio yote mawili salama, tumbo limepasuka.

"Kinasikia lakini hakiwezi kula," alisema Tilde, akaridhika.

Kile kikubwa kilitoka mwisho. Kilikuwa cheusi upande mmoja na chekundu upande wa pili, kizima, na kilipogongwa kwa kidole kilitoa mlio safi. Solvej alidhani mtoto atakiinua juu kwa furaha. Ragna alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga, akitafuta kitu ndani ya udongo ambacho hakingeweza kuonekana tena.

"Hiki nacho kiende makumbusho," alisema. "Si changu chote."

"Pengine hawatakitaka," alisema Verner.

"Basi watanirudishia. Lakini wao ndio waseme."

Aliweka nyasi kavu ndani, akakilaza kigae chenye alama za kucha juu ya nyasi, na juu yake ile karatasi ya mchoro ikiwa imekunjwa. Verner akauliza kwa nini asikitie kigae kwenye boksi. Ragna akamweleza kwamba boksi halijui lolote, na kwamba vile vigae viwili vilikuwa chungu kimoja, hivyo visafiri pamoja. Kutoka hapo akaingia kwenye habari ya mashimo ya mbweha, kisha ya mapambo ya kucha, kisha akamuuliza mzee kama shuleni kwake zamani watoto walifinyanga au walikaa tu.

"Tulikaa tu," Verner alikiri.

"Ndiyo maana," alisema Ragna, na akaanza kumwonyesha jinsi ya kukanda udongo.

Upepo ulikuwa umeamka tena, na supu ilikuwa inapoa mezani. Solvej alitoka mlangoni kuwaita. Alisimama pale, neno likiwa tayari mdomoni, akalimeza, kwa sababu mtoto alikuwa bado anaongea.